Maji kuzunguka mapafu: yanatoka wapi?

Pafu limezungukwa na utando mwembamba wa tabaka mbili, moja limeshika pafu lenyewe, jingine limeshika ukuta wa kifua kwa ndani. Katikati huwa na maji kidogo mno, vijiko vichache vya chai, yanayozuia msuguano mtu anapopumua. Yakizidi hapo, hulibana pafu kutoka nje lisiweze kutanuka.

Mgonjwa hukosa pumzi, hukohoa kikohozi kikavu, na mara nyingine hupata kichomi kinachozidi akivuta hewa kwa nguvu. Daktari akigonga kifua upande wenye maji husikia mlio mzito usiovuma. Eksirei huyaonyesha yakifika takriban mililita 200. Ultrasaundi huyagundua yakiwa machache zaidi, na huonyesha pa kuchomea sindano kwa usalama.

Maji haya si ugonjwa unaojitegemea, ni dalili. Hapa ndipo wagonjwa wengi huponzwa: yakishatolewa pumzi inarudi, ndugu wanashukuru, na chanzo kinabaki bila kutafutwa. Sampuli ipelekwe maabara. Tangu 1972 madaktari hutumia vigezo vya Mmarekani Richard Light, vinavyolinganisha protini na kimeng'enya (kichocheo cha kazi za kemikali ndani ya seli) kiitwacho LDH katika maji hayo na katika damu. Protini ikiwa chache, hushukiwa moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri, ini lililosinyaa au figo zinazopoteza protini, na mara nyingi maji huwa pande zote mbili. Ikiwa nyingi, hushukiwa nimonia, saratani au kifua kikuu.

Ulaya na Marekani moyo ndio chanzo kinachoongoza. Kwetu Afrika Mashariki kifua kikuu kiko mstari wa mbele, hasa kwa vijana na watu wanaoishi na VVU, na kwa kawaida hujaza upande mmoja tu. Shida ni kwamba vijidudu vyake huwa vichache sana ndani ya maji hayo, hivyo kipimo kikisema havipo, kifua kikuu bado kinawezekana. Daktari hutazama pia aina ya seli zilizomo, na huweza kukata kipande kidogo cha utando kukipima. Dawa za kifua kikuu kwa kawaida ni za miezi 6, hata kama pumzi imerudi mapema.

Sindano ikitoa usaha badala ya maji, dawa za kuua bakteria peke yake hazitoshi. Mgonjwa huwekewa mpira kifuani hadi usaha utoke, na wengine huhitaji upasuaji.