Uhuru wa timu: dhana potofu na ukweli wake

Microsoft ilifungua kituo cha kuunda programu Nairobi mwaka 2019, na Google ikatangaza chake mwaka 2022. Wahandisi wengi wa hapa sasa wanafanya kazi katika timu zinazoitwa huru, yaani zinazojiamulia namna ya kufanya kazi yao, ndani ya kampuni ambazo makao makuu yake yako mbali. Kuhusu uhuru huo yanasemwa mengi yasiyo kweli.

Dhana: Timu huru haina bosi.
Bosi yupo. Kazi yake ni kueleza tatizo na kuweka mipaka. Namna ya kulitatua wanaamua wanaoandika msimbo, yaani maandishi yanayounda programu. Tena mipaka isipojulikana, watu huogopa na kuomba ruhusa kwa kila jambo. Kwa mfano, Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 haipigiwi kura na timu yoyote. Timu ikishalijua hilo mapema, mengine inaamua yenyewe bila wasiwasi.

Dhana: Vibali vya kubadilisha programu vikiwa vingi, makosa hupungua.
Hii ndiyo inayotuumiza zaidi Nairobi. Utafiti kuhusu timu za programu ulioongozwa na Nicole Forsgren, uliochapishwa 2018, ulionyesha kuwa kusubiri kibali cha meneja au kamati ya nje kunaendana na kazi kuchelewa, wala hakuendani na makosa machache. Sababu si ngumu kuiona. Aliye mbali na msimbo hukagua fomu tu. Nayo mabadiliko yanayosubiri hurundikana, na yakitoka kwa pamoja ni shida kujua lipi limeharibu mfumo.

Sasa ongeza umbali. Pwani ya magharibi ya Marekani iko nyuma yetu kwa saa 10 au 11, kutegemea majira. Ukiuliza saa tatu asubuhi, wa kukujibu anajiandaa kulala. Jibu litafika jioni, wakati wewe uko kwenye matatu ukirudi nyumbani. Siku nzima imeliwa na swali la dakika tano!

Katika barua yake kwa wanahisa wa Amazon ya mwaka 2015, Jeff Bezos alitenganisha maamuzi yanayoweza kurudishwa nyuma na yale yasiyorudi. Tofauti hiyo ingetuokoa. Kubadilisha maneno ya kitufe, au kuwafungulia wateja wachache huduma mpya, hurudishwa kwa dakika chache: timu iamue hapa hapa. Kufuta kumbukumbu za wateja hakurudi, kwa hiyo hapo ni haki kusubiri hadi jioni.

Dhana: Tukiiga muundo wa Spotify, tutakuwa huru.
Spotify, kampuni ya kusikiliza muziki mtandaoni, iliwagawa wahandisi wake katika timu ndogo zinazojiamulia. Waraka uliousambaza muundo huo, wa mwaka 2012, wenyewe ulisema unaonyesha hali ya wakati ule tu, na kwamba safari bado inaendelea.

Dhana: Chati mpya ya vyeo inatosha.
Mtaalamu wa kompyuta Melvin Conway aliandika mwaka 1968 kwamba mfumo hufuata umbo la mawasiliano ya waliouunda. Timu tatu zikitegemea hifadhidata moja, yaani ghala moja la taarifa za mfumo, hakuna itakayosogea bila kuziuliza nyingine mbili, hata zikipewa majina gani.

Ukienda kwenye usaili, usiulize kama timu yao ni huru, watasema ndiyo. Uliza ni nani anayeamshwa usiku huduma ikianguka, na kama mtu huyo anaweza kurudisha toleo la jana bila kumpigia simu meneja.