Kudabaghi ngozi, na mdabaghi aliyeishia Hazina ya Uingereza

Kudabaghi ni kuibadili ngozi mbichi isioze tena. Ngozi ya ng'ombe ni nyuzi za kolajeni (protini inayoipa ngozi nguvu) zilizojaa maji. Ukiikausha juani tu hukakamaa, na ikilowa tena huanza kunuka. Tanini, uchungu uliomo kwenye magome ya miti, huzishika nyuzi hizo na kuyasukuma maji nje, na bakteria hukosa mahali pa kuanzia.

William Lawies Jackson, aliyezaliwa Otley karibu na Leeds mwaka 1840, alirithi kazi hii kwa baba yake, na biashara yenyewe ilikuwa karibu kufilisika. Aliikuza ikawa miongoni mwa viwanda vikubwa vya ngozi nchini humo. Namna alivyoweza haieleweki bila kuangalia mashimoni, yaani mashimo ya maji ambamo ngozi hulowekwa.

Kwanza ngozi iliyotiwa chumvi hulowekwa ili irudi laini. Kisha huzamishwa kwenye maji ya chokaa kwa siku kadhaa, hata wiki mbili, mpaka mizizi ya nywele ilegee. Nywele hukwanguliwa kwa kisu butu juu ya gogo la mviringo, na upande wa pili nyama na mafuta huondolewa kwa kisu kikali. Chokaa isipotolewa vizuri ngozi hutoka ngumu na yenye kuvunjika; zamani waliitoa kwa kinyesi cha mbwa au cha njiwa kilichovundikwa majini. Hapo jicho la fundi halibanduki, maana ikizidi kidogo uso wa ngozi huliwa.

Ndipo linakuja gome la mwaloni, takriban kilo 4 hadi 5 kwa kila kilo ya ngozi iliyokamilika. (Magome ya miwati, kama ile ya Njombe, yana tanini nyingi zaidi.) Ngozi huanzia kwenye maji hafifu yaliyokwisha kutumika, ikahamishwa shimo hadi shimo kuelekea makali zaidi. Kosa la mwenye haraka ni kuanza na maji makali: uso hukaza upesi na kufunga njia, ndani inabaki mbichi, na ukiikata unaona mstari mweupe katikati. Soli ya namna hiyo hupasuka. Mwishoni ngozi hupangwa kwa tabaka, gome katikati, na kuachwa kwa miezi. Ngozi nene ya soli ilichukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kwa jumla.

Ugumu wa biashara uko hapo. Ngozi na magome hulipiwa leo, mauzo ni mwakani, na bei ya ngozi mbichi inaweza kuanguka wakati mali bado imezama shimoni. Mdabaghi asiyejua hesabu ya mikopo alifilisika hata kama fundi wake ni hodari. Kwa maoni yetu, hii ndiyo sifa iliyomfaa Jackson kisiasa kuliko hotuba.

Mwaka 1880 aliingia bungeni kwa chama cha Conservative. Leeds ilikuwa na viti 3 lakini kila mpiga kura alikuwa na kura 2 tu, kwa hiyo hata chama chenye wafuasi wachache kiliweza kupata kiti kimoja. Kuanzia 1886 hadi 1891 alikuwa Katibu wa Fedha wa Hazina, cheo cha kupitisha makadirio ya matumizi ya wizara bungeni, mstari kwa mstari. Baadaye akawa Waziri wa masuala ya Ireland kwa muda usiofika mwaka, mwenyekiti wa reli ya Great Northern, na mwaka 1902 akapewa cheo cha ubwana, Lord Allerton. Mwanawe Stanley alivuma zaidi, kama nahodha wa kriketi wa Uingereza mwaka 1905.

Wakati huohuo kazi yenyewe ilikuwa inabadilika. Hataza ya Augustus Schultz ya mwaka 1884 ilionyesha chumvi za kromu zinaweza kudabaghi kwa siku chache, na ngozi nyepesi za juu ya viatu zikahamia huko. Ngozi ya soli iliendelea kutumia magome na dondoo zake (tanini iliyotolewa humo), kwa kuwa ile ya kromu ni laini na hunyumbuka kupita kiasi kwa kazi hiyo.