Piano ya shule haiharibiwi sauti na watoto

Walimu wengi hapa Mwanza huamini kwamba piano hupoteza sauti yake sahihi kwa sababu wanafunzi huipiga mno, hivyo huifungia. Si kweli. Kupigwa kwa nguvu huchangia kiasi, lakini mharibifu mkuu ni unyevu wa hewa unaopanda na kushuka.

Ndani ya piano ya wima mna nyuzi za chuma zaidi ya 200, zikivuta kwa pamoja kwa nguvu ya tani nyingi. Nyuma yake kuna ubao mwembamba wa sauti. Mvua za Machi hadi Mei zikinyesha, ubao hunyonya unyevu, huvimba na kuzisukuma nyuzi, sauti hupanda. Kiangazi kikiingia ubao hunywea, sauti hushuka, tena si kwa usawa, ndiyo maana kwaya inasikia ukakasi. Yote hayo hutokea hata kwa piano iliyofungwa mwaka mzima!

Mkinunua iliyotumika, msihadaike na mng'aro wa kabati. Fundi akague kwanza pini za kukazia nyuzi: zikilegea, kusawazisha sauti hakudumu. Mimi ningechagua yenye kimo cha sentimeta 120 au zaidi, kwa besi iliyo nzito. Iwekeni mbali na madirisha na jua, fundi aje mara 2 kwa mwaka, majira yakishatulia.