Je, wajua kwa nini hadithi uliyoiacha njiani ndo inakurudisha kuandika?

Unaanza hadithi, siku ya kwanza kurasa tatu, ya pili mbili, wiki ya tatu daftari liko chini ya godoro na unasema mzuka umekata. Mi hilo la mzuka nalipinga kabisa, naona limewakatisha tamaa watu wengi hapa Dar wenye kipaji kweli.

Mwangalie mama ntilie pale Magogoni asubuhi. Huyu chapati mbili na chai, yule supu na maandazi, mama hana kalamu wala karatasi lakini anamjua kila ambaye hajalipa, ila ukishampa hela yake muulize baadae ulikula nini, kashasahau. Inasimuliwa kwamba kule Berlin miaka ya 1920 mwanasaikolojia Kurt Lewin aliona hichohicho kwa wahudumu wa mgahawa, na mwanafunzi wake Bluma Zeigarnik akaenda kukipima, akaandika mwaka 1927 kuwa watu walikumbuka zaidi kazi walizokatishwa kuliko walizomaliza. Hilo la kumbukumbu wataalam wamelibishania sana baadae. Ila mwenzake, Maria Ovsiankina, mwaka 1928 alionyesha kitu ambacho kwetu ndo muhimu: mtu ukimkatisha kazi njiani, akipata nafasi anairudia mwenyewe, bila kulazimishwa wala kulipwa.

Sasa sisi tunafanyaje? Tunamaliza sura vizuuri, tunaweka nukta, tunalala. Deni limelipwa, kesho kichwa hakikudai kitu!

Mi naandikia kwenye simu nikiwa kwenye pantoni kutoka Kigamboni, safari ya dakika chache tu, ikigusa ng'ambo naacha hapohapo hata kama mhusika wangu ndo kwanza kashika kitasa cha mlango. Kutwa nzima niko kazini na yule mtu kashika kitasa. Jioni nikirudi sihitaji kujisukuma, nataka kujua nyuma ya mlango kuna nini. Ernest Hemingway, yule mwandishi wa riwaya wa Marekani, naye alishauri hivi, uache wakati bado unajua kinachofuata.

Pantoni inasaidia kwa njia nyingine pia, kila siku ni sehemu ileile saa ileile, na mazoea yanajengwa hivyo. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa London walifuatilia watu 96, utafiti ukatoka 2010, kila mmoja alichagua jambo dogo kama kunywa maji au kula tunda, alifanye kila siku baada ya kitu kilekile. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka likawa linajiendesha, wengine siku 18, wengine ilikadiriwa zingefika 254. Na hayo ni maji ya kunywa, hadithi je? Kwa hiyo ukichoka wiki ya tatu haimaanishi huna kipaji, bado mapema mno. Halafu waliona kuruka siku moja hakuharibu kitu, na hili natamani kila anayeandika alijue, maana umeme ukikatika au mtoto akiugua siku moja, tunafunga daftari moja kwa moja.

Kama unapanda daladala la Mbagala unaning'inia mlangoni simu huwezi kuishika, basi tafuta kingine, hata zile dakika za kusubiri maharage yaive.

Juzi pantoni ilichelewa, nikajikuta naandika nimesimama kwenye foleni, mlango ukafunguka, na ndani alikuwepo mtu ambaye sikumpanga kabisa.