Kufunga Rada Kwenye Ndege Kunahitaji Kibali Kabla ya Kutoboa

Maombi ya kugeuza ndege za abiria na za kukodi ziwe za doria baharini yanaongezeka, na malalamiko kwamba mamlaka za usafiri wa anga, yetu ikiwemo, zinachelewesha vibali yanaongezeka pia. Nia ya waombaji ni njema. Ukanda wa kiuchumi wa bahari unafika maili 200 za baharini kutoka pwani, na boti peke yake hazitoshi kuwasaka wavuvi haramu wala kuwatafuta mabaharia waliopotea. Isitoshe, njia hii ina historia: ndege ya doria ya Marekani, P-3 Orion, ilitokana na ndege ya abiria ya Electra, na mrithi wake, P-8 Poseidon, ina mwili wa Boeing 737-800 na mabawa ya 737-900.

Ila P-8 haikuwa ndege ya abiria iliyokuja kutobolewa baadaye. Inaundwa kwa kazi hiyo tangu kiwandani. Mfano huu tunaletewa kila mara, na hauthibitishi kwamba kutoboa ndege ya abiria ni jambo jepesi, kama wanavyodai wanaoutoa.

Mara nyingi rada hufungwa tumboni, kwa hiyo ngozi ya ndege hukatwa. Mwili wa ndege inayoruka juu hujazwa hewa kila safari, ukatanuka na kurudi. Tundu lisiloimarishwa huzaa ufa. Ajali mbili za Comet, ndege ya abiria ya Uingereza, mwaka 1954 zilitokana na uchovu wa chuma ulioanzia kwenye matundu ya mwili wake. Tena doria hufanyika chini, kwenye misukosuko ya hewa na chumvi ambavyo ndege haikupangiwa kuvistahimili kwa saa nyingi hivyo.

Utaratibu ni huu, na haurukwi. Ombi huletwa na michoro, hesabu za nguvu za mwili, hesabu za umeme (rada, kamera ya joto na kompyuta zote zinategemea jenereta zilezile), pamoja na uthibitisho kwamba mawimbi ya rada hayavurugi redio wala vyombo vya rubani. Michoro ikikubaliwa, ndipo karakana yenye idhini huanza kazi. Baada ya hapo ndege hupimwa uzito upya, kitovu cha uzito hukokotolewa upya, hufanyiwa majaribio ya kuruka, na mwongozo wa rubani na ratiba ya matengenezo huongezewa kurasa. Anayeanza kukata kabla ya idhini anahatarisha cheti cha ndege kusimamishwa, leseni ya mhandisi aliyetia saini kunyang'anywa, na bima kukataa kulipa. Hakuna kibali cha kurudisha nyuma tarehe. Tusiombwe.

Wengine hujibu kwamba ndege ya serikali haihusiki, kwa kuwa Mkataba wa Chicago wa 1944 kuhusu usafiri wa anga hauzigusi ndege za jeshi, forodha na polisi. Kisheria ni kweli. Lakini hatari haijali sheria: Nimrod, ndege ya doria ya Uingereza iliyotokana na Comet, ilikuwa ya jeshi. Ilifungwa mabomba ya hewa ya moto, kisha mwaka 1982, kwa haraka ya vita vya Falkland, ikaongezewa mfumo wa kujazwa mafuta angani. Tarehe 2 Septemba 2006 Nimrod moja ilishika moto juu ya Afghanistan muda mfupi baada ya kujazwa mafuta, wakafa watu wote 14. Uchunguzi ulihitimisha kwamba, kwa uwezekano mkubwa, mafuta yaliyovuja yaligusa bomba la moto. Kila badiliko liliongezwa kwa wakati wake. Hatari ilikuwa pale yalipokutana, na hapo ndipo wakaguzi wetu huanzia kusoma michoro, ndege iwe ya nani.