Usitoke kwa Daktari na Swali Lako Kifuani

Sisi wafamasia tunaokaa kwenye dirisha la kutolea dawa hukutana kila siku na maswali ambayo mahali pake palikuwa ndani ya chumba cha daktari. Mgonjwa wa shinikizo la damu anakabidhiwa losartani, anaigeuzageuza paketi, kisha anauliza kwa sauti ya chini kama ataitumia pamoja na enalaprili yake ya siku zote au ile ya zamani aiache. Swali hilo ni zito. Dawa hizo mbili zikitumiwa pamoja zinaweza kudhuru figo na kupandisha potasiamu katika damu hadi kiwango cha kuhatarisha moyo, na kwa kawaida daktari anapoandika moja huwa amekusudia nyingine iachwe. Huyu aliyeuliza hana neno. Ninayemhofia ni yule aliyeitikia "sawa, daktari", akachukua dawa zake na kwenda kuzimeza zote mbili.

Mara nyingi hata mabadiliko yenyewe ya dawa huchelewa kwa sababu mgonjwa hakusema. Enalaprili huwaletea baadhi ya watumiaji kikohozi kikavu kisichokoma. Wapo wanaokohoa kwa miezi, wakinunua dawa ya kikohozi chupa baada ya chupa, na kila siku ya kliniki wakiulizwa hali hujibu kwamba wanaendelea vizuri, wanamshukuru Mungu. Katika maamkizi hilo ni jibu la adabu. Kwa daktari aliyeshika kalamu, jibu hilo linamwambia kwamba dawa imekukubali, naye ataiandika tena.

Sababu za ukimya huu zinaeleweka. Tumelelewa kuwasikiliza wenye elimu bila kuwahoji, foleni iliyoko nje ya mlango inatutia haraka, na wengine waliwahi kufokewa wakajifunza kunyamaza. Lawama haiwezi kumwangukia mgonjwa peke yake, kwa maana mtumishi wa afya anayejibu kwa ukali humfunga mdomo hata anayefuata. Hata hivyo, mgonjwa ajue kwamba daktari huchagua vipimo na dawa kutokana na yale aliyoelezwa, na kwamba maelezo yakiwa nusu, uamuzi nao utasimama juu ya nusu hiyo.

Ziko habari ambazo wagonjwa huziacha nyumbani kwa kudhani hazihusiki. Mtu anayetibiwa shinikizo la damu anaumwa magoti, ananunua diklofenaki katika duka la dawa mtaani, na hasemi, kwa sababu magoti si presha. Ukweli ni kwamba diklofenaki inaweza kupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo, hasa kwa anayetumia pia enalaprili na dawa ya kuongeza mkojo, kiasi kwamba daktari atashangaa mbona presha haishuki na pengine ataongeza dozi isiyohitajika. Mitishamba nayo itajwe bila aibu. Njia rahisi ni kubeba kila unachotumia katika mfuko mmoja, pamoja na paketi tupu, na kuviweka mezani.

Iko pia habari ambayo wanaume wengi huificha kabisa. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu zinaweza kupunguza nguvu za kiume, ingawa ugonjwa wenyewe nao unaweza kufanya hivyo, na mwanaume akiona mabadiliko hayo huacha dawa kimyakimya hadi siku anapoletwa na kiharusi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kama chumbani kuna watu wengine, una haki ya kusema: "Daktari, naomba tuzungumze faragha." Hali kadhalika fedha. Ukijua huwezi kumudu dawa ulizoandikiwa, liseme hapo hapo, kwa sababu mara nyingi ipo dawa nyingine ya bei nafuu inayofanya kazi hiyo hiyo, na katika hospitali za umma yupo afisa ustawi wa jamii wa kuonana naye. Kununua nusu ya dozi na kunyamaza ni hatari zaidi.

Namna ya kusema ina uzito wake. Anza na linalokusumbua kuliko yote, kwani wengi hutanguliza mafua na uchovu, kisha wakiwa wameshika kitasa cha mlango ndipo wanapotaja uvimbe walioupapasa kwenye titi. Andika mambo mawili au matatu kwenye karatasi au simu kabla hujaitwa. Usipoelewa, sema: "Samahani daktari, hapo sijaelewa, naomba unieleweshe." Kabla ya kuinuka, rudia maagizo kwa maneno yako mwenyewe, ili kama umekosea urekebishwe papo hapo. Utaratibu huo utumie dirishani pia. Bahasha ya dawa iliyoandikwa 1×3 ina maana ya kidonge kimoja mara tatu kwa siku, na kwa dawa nyingi za kuua bakteria inatakiwa kila dozi ipishane na nyingine kwa takriban saa nane. Lakini wapo wanaomeza vitatu kwa mpigo, na wapo wanaovimaliza vyote kabla ya jua kuzama.

Jambo moja lisisubiri kuulizwa: kama dawa fulani iliwahi kukuletea vipele, malengelenge, kuvimba uso au kubanwa na pumzi, itaje kabla daktari hajaandika chochote. Usitegemee kwamba imo kwenye faili. Mama mjamzito aliyewahi kudhurika na dawa za salfa aseme hivyo kliniki kabla ya kupewa SP ya kumkinga na malaria, kwa kuwa SP ina salfa.

Unapoletewa fomu ya ridhaa ya upasuaji, uliza kinachokwenda kufanyika, hatari zake, njia nyingine iliyopo, na kitakachotokea usipofanyiwa. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma kumweleza mgonjwa mambo ya namna hiyo, tena kwa lugha anayoielewa. Shirika la Afya Duniani nalo liliitumia Siku ya Usalama wa Mgonjwa, Septemba 17, mwaka 2023, kuhimiza wagonjwa washirikishwe katika matibabu yao.

Anayemsindikiza mzee amwachie nafasi ya kujieleza kwanza, kisha aongeze aliyosahau. Nimeona watoto wenye mapenzi mema wakijibu kila swali huku mama mwenyewe, mwenye maumivu, akitazama sakafu.

Na ikitokea umeuliza kwa heshima ukakemewa au ukanyimwa maelezo, hapa Tanzania nenda kwa muuguzi kiongozi wa zamu au mganga mfawidhi wa kituo, ukiwa umeandika tarehe, chumba na yaliyosemwa. Malalamiko mazito kuhusu mwenendo wa daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na ya muuguzi au mkunga katika Baraza la Uuguzi na Ukunga. Wakati huo huo matibabu yasikatike: omba kuonwa na daktari mwingine siku hiyo hiyo, na dawa ambayo hujaelewa matumizi yake uliza dirishani kabla hujaianza.