Kupauka kwa matumbawe ni nini, na kunamhusuje mvuvi?

Wengi hudhani tumbawe ni jiwe. Ni mnyama, tena kundi la wanyama wadogo walioshikamana, kila mmoja na kinywa chake, wakijijengea nyumba ya chokaa. Ila rangi wanazong'aa nazo kwa sehemu kubwa si zao. Ndani ya miili yao umepanga mwani mdogo mno usioonekana kwa macho, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumlipa mwenye nyumba kodi ya sukari. Kodi hiyo huweza kufikia asilimia 90 ya mahitaji yake ya nguvu.

Bahari imemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalotokana na mabadiliko ya tabianchi. Maji yakizidi kiwango cha juu cha kawaida cha msimu wa joto kwa nyuzijoto 1 tu, yakakaa hivyo wiki kadhaa, mwani huanza kutoa kemikali zinazomdhuru mwenyeji wake, naye huutimua. Nyama inayobaki ni angavu kama kioo, na chokaa nyeupe huonekana ndani yake. Huko ndiko kupauka.

Kupauka si kufa, na hapa ndipo wengi huchanganya. Maji yakipoa mapema, mwani hurudi. Yasipopoa, tumbawe hufa kwa njaa.

Sasa mvuvi. Anayetarajia dema, yaani mtego wake wa samaki, litoke tupu mwezi unaofuata atashangaa. Mwamba wa matumbawe uliokufa bado umesimama, unaota majani ya mwani, na samaki walao majani kama tasi na pono wamepata malisho. Dema linaweza hata kujaa. Lakini nyumba ile ya chokaa haina tena fundi. Viumbe huitoboa, mawimbi huipiga, na baada ya miaka kadhaa hubaki kifusi. Vishimo walimojificha samaki wachanga vimeporomoka, na mawimbi yaliyokuwa yakivunjikia mbali sasa yanafika hadi vyombo vilikoegeshwa.

Mwamba huhitaji miaka kumi au zaidi kupona. Kupauka kwa dunia nzima kumetokea mwaka 1998, 2010, na 2014 hadi 2017, na kwingine kukaanza 2023. Hesabu mwenyewe nafasi iliyobaki katikati.

Shelisheli ilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai katika miamba mingi ya visiwa vyake vya ndani mwaka 1998. Miaka mingi baadaye watafiti walikuta madema bado yanaleta samaki, wengi wao tasi, ila safari moja na nyingine zikipishana sana kwa mavuno. Kwenye jedwali la mwaka mzima, uvuvi huo unaonekana mzima. Aliyekopa mafuta ya mashine asubuhi, akarudi na samaki watatu, halioni jedwali hilo.